Mifuko Ishirini na Mmoja

Kuna wanaokutanishwa na harusi ya jirani, kuna wanaokutanishwa na kwaya. Risper na Hamud walikutanishwa na mavi, na sioni haja ya kulifunika neno hilo kwa adabu, maana bila mavi hadithi hii haipo.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, saa sita mchana, soko la Migori limefurika watu. Wauza omena walikuwa wakigombania kivuli na wauza nyanya, spika ya duka la simu ikipiga kelele, na jua likimchoma kila mtu bila ubaguzi. Risper alikuwa akipenya katikati ya umati na boksi la barafu kifuani. Alivaa suruali ya kijani yenye mifuko sita, buti zenye tope, na blauzi nyekundu iliyomkaa vizuri kuliko alivyojua mwenyewe. Macho yake yalikuwa chini ya boksi, ambako maji yalikuwa yakidondoka. Hamud naye alikuwa akirudi kinyumenyume, akielekeza mkokoteni wa barafu uingie dukani kwake, shati jeupe limepigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono imeinama upande mmoja. Wakagongana.

"Pole, dada! Umeumia?"

"Wacha mimi, angalia boksi! Imemwagika?"

Hamud akainama kufungua kifuniko. Risper akampiga kofi mkononi.

"Kwani umebeba nini, dhahabu ya Macalder?"

"Mavi."

"Ati?"

"Mavi ya omoro, na yanayeyuka! Stima ilipotea Homa Bay tangu jana asubuhi. Nimezunguka na hii boksi Rongo, nikaenda Awendo, kila mtu ananifukuza. Nimeambiwa hapa Migori kuna Mswahili ako na friza kubwa na jenereta. Unamjua?"

"Umeambiwa yukoje huyo Mswahili?"

"Nimeambiwa anaongea sana."

"Basi bibie, umefika."

Hamud alikuwa mtu wa Malindi. Marehemu babake, mzee Suleman, alikuja Migori kuuza barafu na kuku wa kugandishwa, akamwachia mwanawe duka, friza saba, na ulimi wa kuuzia. Lakini siku hiyo hata ulimi ulisita. Mavi ni najisi, na zile friza zilikuwa na vyakula vya watu. Akamtazama yule dada, jasho limemtiririka hadi shingoni, midomo inatetemeka kwa kujizuia asilie mbele ya soko zima. Akaenda stoo, akalitoa friza dogo kuukuu lililokuwa la aiskrimu, akalipanguza na kulichomeka peke yake kwenye kona, mbali na kuku.

"Hili ni lako. Hakitaingia kitu kingine humu. Sasa niambie, mavi yana nini hata ulie?"

"Sijalia."

"Ungelia."

Risper akacheka bila kutaka. Akamweleza akiwa amechuchumaa, akipanga mifuko midogo iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika. Omoro ni swala mkubwa, pembe zimepinda nyuma, uso una rangi nyeusi na nyeupe. Katika Kenya nzima wamebaki bonde la Lambwe peke yake, na hawafiki ishirini.

"Mwili ukiogopa unatoa homoni," alisema. "Ukishika mimba unatoa zingine. Zote zinatoka na mavi. Kwa hivyo mimi simshiki mnyama, simdungi sindano. Namngoja tu ajisaidie, nachukua, nagandisha mbio kabla homoni hazijaharibika, natuma maabara Nairobi. Wakinijibu, najua nani ako na hofu na nani ako na mimba. Na yeye hata hajui nilikuwa hapo."

"Kumbe kazi yako ni kuchungulia siri za wake za watu."

"Yawa! Wewe kweli unaongea."

Kuanzia hapo Risper akawa anakuja kila Alhamisi. Stima ya Homa Bay ilikuwa imerudi, lakini alisema haiaminiki. Mimi nasema hakuwa akiisingizia stima bure, ila hakuwa akisema yote. Jioni simu zilianza.

"Hallo, Jabarafu." Ndilo jina alilompa, yaani mtu wa barafu kwa lugha ya kwao.

"Naam, Daktari wangu wa Mavi. Umekula?"

"Nimekula samaki. Wewe?"

"Mimi nimekula sauti yako, nimeshiba."

"Aki Hamud, hiyo umeambia wasichana wangapi?"

"Wengi. Lakini wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Risper alimpeleka Hamud bondeni siku moja ya Februari. Walilala kifudifudi kwenye nyasi saa nzima, Hamud akilalamikia siafu kwa kunong'ona, hadi omoro jike akatokea vichakani, masikio marefu yakicheza. Risper alimwita Nyar Gembe, binti wa vilima vya Gembe. Akamshika Hamud mkono kwa nguvu.

"Nadhani ameshika mimba," Risper alimnong'oneza. "Sina uhakika, tumbo la nyasi na tumbo la mtoto yanafanana. Mavi yatasema. Wakubwa wangu wanataka kuwakamata wote waingizwe ndani ya ua mpya, watoke kwa mitego ya majangili. Ni kitu nzuri. Lakini ukikimbiza mwenye mimba na helikopta, mtoto anatoka. Kwa hivyo tarehe inangoja mimi."

"Swala wote hao wanakungoja wewe?"

"Wananingoja mimi na friza yako."

Jioni hiyo walikula samaki mjini Sindo, karibu na maji, Risper akichambua miba na kumwekea Hamud minofu kwenye sahani. Hamud alimsimulia jinsi samaki wa mteja mmoja walivyooza dukani, naye akanunua wengine kimyakimya, uzito uleule, akawapanga mahali palepale kabla mwenyewe hajaja. Ndivyo babake alivyomfundisha. Mali ya mtu ikiharibika mkononi mwako, unairudisha kwa kipimo kilekile, usimtwike mteja msiba wako.

"Na hakujua?"

"Hadi leo anawasifu samaki wake."

"Wewe ni mtu mzuri sana, jaherana," Risper akasema, yaani mpenzi wangu. Kisha akauliza lile lililokuwa likimkereketa. Kwao Rusinga babake alikuwa mzee wa kanisa, na kwa kina Hamud kulikuwa na mama huko Malindi. "Mamako atanikubali?"

"Atakupenda kama Sumeya, dada yangu wa tumbo moja. Usiwe na wasiwasi."

Mama hakuwa ameambiwa hata kwamba kuna Risper duniani. Hamud alikuwa akirudisha jibu kwa kipimo cha swali, basi.

Mwisho wa Machi Idd ikafika. Risper alikuwa ameacha mifuko ishirini na mmoja kwenye friza dogo, ile iliyokuwa iamue tarehe. Hamud akasafiri Malindi kusali na mamake, akamwachia Sumeya duka. Oda za kuku zilikuwa nyingi, soketi chache. Sumeya akalitazama lile friza la kona ambalo tangu mwanzo lilimtia kinyaa, akachomoa waya, akachomeka la kuku. Aliporudi Hamud siku ya nne, harufu ilimpokea mlangoni. Mifuko Sumeya alikuwa ameitupa shimoni nyuma ya duka.

"Sikujua, kaka! Nilidhani ukichomoa siku mbili tatu hayadhuriki. Ni mavi!"

Hamud akakaa juu ya kreti ya soda. Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Risper alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja kwamba bosi wake, Dkt. Motari, hana subira, na kwamba mkataba wake yeye Risper unaning'inia. Angemwambia nini? Na hapo, msomaji, mtu mwema akafanya jambo ambalo mwizi asingelifikiria. Alimkumbuka babake. Akaingia shimoni kwa mikono yake, akaitoa mifuko yote ishirini na mmoja, akaiosha kwa sabuni hadi mwandiko wa Risper ukang'aa, akaianika. Kisha akawasha pikapu kwenda mnada wa Ogwedhi.

Maroa, mchuuzi wa mifugo aliyemfahamu kitambo, alimkuta katikati ya zizi, shati jeupe, glavu mkononi, akiwafuata kondoo.

"Hamud! Umepoteza nini huko nyuma ya kondoo?"

"Natafuta samadi."

"Samadi ya kutia kwa mfuko ya sukari? Chukua ya mbuzi basi, iko mingi."

"Ndogo mno. Nataka punje kubwa."

"Punje kubwa ni ya dume. Wale pale." Maroa akatikisa kichwa. "Nyinyi watu wa pwani muko na dawa zenu."

Hamud akajaza mifuko ishirini na mmoja kwa mavi ya kondoo dume, akaipima mmoja mmoja kwa mkono, akaigandisha usiku kucha. Alhamisi Risper akaja, akahesabu, akaisoma kwa jina. Ilikuwa imara, imefunikwa theluji nyeupe, hakuna kilichoonekana ndani.

"Zote ziko. Ero kamano, Jabarafu. Sijui ningefanya nini bila wewe."

Hamud akatabasamu. Alijiambia mavi ni mavi.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi nyingine, simu ikalia mchana.

"Hamud, majibu imekuja." Sauti ya Risper ilikuwa chini. "Hakuna hata mmoja ako na mimba. Hakuna! Nyar Gembe mwenyewe hana kitu. Ningeapa, Hamud. Nimemfuata miezi mitano. Sasa najiuliza kama naijua hii kazi ama najidanganya."

"Labda... labda maabara wamekosea?"

"Maabara haijakosea. Macho yangu ndiyo imekosea. Motari amefurahi, amesema nambari imesema. Tunakamata Jumanne, naenda kambini kesho. Huko hakuna netiwaki. Niombee, sawa?"

"Sawa, mpenzi."

Ijumaa alisali bila kujua rakaa ya ngapi. Jumamosi akajiambia huenda kweli Nyar Gembe hana mimba, na uongo wake utakuwa umeangukia ukweli. Jumapili akashika simu, akaiweka. Sitamtetea. Siku tatu ni nyingi kwa mtu mwenye ulimi kama wake. Jumatatu alipopata ujasiri na kupiga, sauti ya kike ilimwambia mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga mara kumi na tisa.

Jumanne, mara baada ya sala ya alfajiri, akaondoka na pikapu. Alifika langoni mwa hifadhi jua limeshapanda, na kabla hajazima gari akaisikia helikopta.

Nyar Gembe alikuwa amelazwa kwenye nyasi, macho yamefungwa kitambaa, pumzi inapanda na kushuka haraka. Alikuwa wa kwanza kukamatwa. Risper alipiga magoti ubavuni, kiganja juu ya mbavu, akihesabu pumzi. Alipomwona Hamud, uso ukachanua, kisha ukasinyaa.

"Nani amekufa?"

"Risper, ile mifuko niliyokupa... Mifuko ni yako. Kilichomo si chako. Sampuli zako ziliharibika wakati wa Idd. Nikaweka mavi ya kondoo. Madume. Kutoka Ogwedhi."

Kiganja cha Risper kilibaki palepale kwenye mbavu, midomo ikiendelea kuhesabu, kana kwamba mwili haujaambiwa. Halafu akasimama.

"Daktari! Simamisha helikopta. Msikimbize wengine. Majibu yangu si ya kweli."

Dkt. Motari akageuka, redio mkononi. "Majibu yana jina lako, Risper."

"Ndiyo. Ndiyo maana nasema mimi."

Redio ikazungumza. Helikopta ikazunguka mara moja na kuondoka. Katika ule ukimya Risper akamvuta Hamud kando, akatoa daftari lake mfukoni, kurasa zimejikunja kwa jasho.

"Angalia hapa. Unaona hii laini? Sampuli ikiharibika unaandika neno moja, *imepotea*, na tarehe. Kila mtu anapoteza. Motari mwenyewe anapoteza! Ningeandika mara ishirini na moja, nirudi kwa nyasi, kazi ingoje wiki tatu. Neno moja, Hamud. Wewe mwenye maneno yote hayo."

"Niliogopa utafukuzwa kazi."

"Uliogopa utanikosa. Usinisingizie mimi."

Ilikuwa kweli, na Hamud alijua.

Siku ya tatu simu ikalia dukani.

"Mimba ya Nyar Gembe imetoka," Risper alisema. "Mtoto alikuwa jike."

"Risper..."

"Nimekuambia kwa sababu ulikuwa ukiniuliza habari yake kila jioni. Usinipigie tena."

Risper alisimamishwa kazi ili uchunguzi ufanyike, akarudi kwao Rusinga. Hamud aliandika barua kwa mkono wake, jina kamili, namba ya kitambulisho, habari yote kuanzia soketi hadi zizi, akaipeleka mwenyewe Homa Bay na kumkabidhi Dkt. Motari. Daktari aliisoma mara mbili.

"Unajua hii itasomwa na watu wengi?"

"Ndiyo maana nimeiandika vizuri."

Haikuchukua mwezi Migori yote ikajua. Vijana wa stendi wakamwita Mswahili wa Kondoo. Sumeya alilia, akataka naye aandike barua yake. "Mimi ndiye niliyechomoa waya, kaka."

"Wewe ulikosea, na ukaniambia siku ileile," Hamud akamjibu. "Mimi ndiye niliyenyamaza."

Alipokwenda Malindi mwezi wa Julai akamwambia mamake kila kitu, pamoja na jina la Risper na kanisa la babake. Mama alilia, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hamud akarudi Migori bila jibu.

Agosti Risper alirudishwa kazini kwa sababu ya ile barua. Hakumpigia Hamud kumshukuru. Alimkumbuka, hilo nalijua, maana kila aliposikia mtu akiongea sana aligeuka kutazama, kisha akajikasirikia.

Oktoba, stima ya Homa Bay ikapotea tena. Siku mbili. Risper alisimama ofisini na boksi lake, barafu ikilia ndani, akataja miji yote akilini na kila mara akafika palepale. Saa saba mchana akawa katikati ya soko la Migori, suruali ileile ya mifuko sita, nywele amezikata fupi kabisa.

Hamud alikuwa kaunta. Alimwona, akasimama. Alikuwa amekonda, na kofia ilikuwa imekaa katikati ya kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuanza kuongea.

"Ile friza bado iko?" Risper akauliza.

"Ipo. Lakini kabla hujaweka, nikuambie. Juzi stima ilipotea hapa, jenereta ikakataa kuwaka. Dakika arobaini. Baridi ilipungua ndani. Imeandikwa."

Friza lilikuwa kwenye kona ileile. Juu yake lilining'inia daftari kwa uzi, na pembeni kipimajoto. Risper akafungua. Kila siku mara mbili, asubuhi na jioni, nyuzi za baridi kwa mwandiko wa Hamud. Penye hitilafu ameandika hitilafu, na dakika zake. Siku moja ya Septemba aliandika: *Nilisahau kupima. Sijui ilikuwaje.*

"Kulikuwa na nini ndani?"

"Hakuna kitu."

"Umepima friza tupu hii miezi yote?"

"Nilikuwa najifunza."

Risper akarudisha kurasa hadi ya kwanza. Ilikuwa na mstari mmoja tu, tarehe za Idd. *Lilizimwa siku tatu. Mifuko ishirini na mmoja. Imepotea.* Akausoma, akausoma tena. Nje muuza omena alikuwa akiita wateja. Machozi yakamdondoka Risper juu ya karatasi, akayafuta haraka kwa kiganja yasiharibu wino.

"Ungeniandikia hii Aprili," alisema.

"Ningekuandikia hiyo Aprili."

"Siwezi kusahau huyo mtoto, Hamud. Hata nikitaka."

"Usisahau. Mimi pia siwezi."

Risper akamtazama muda mrefu, kama alivyowatazama omoro vichakani, bila kujongea. Alikuwa na hasira bado, na alikuwa anampenda bado, vyote viwili vimekaa kifuani bila kusalimiana.

"Nikuulize ile swali tena," akasema. "Mamako atanikubali?"

Yule Hamud wa zamani angekuwa na jibu tamu kabla swali halijaisha. Huyu akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Sijui, Risper. Nilimwambia Julai, akalia. Tangu hapo hajakutaja. Sijui kabisa."

Risper akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Jumanne ile. Akachuchumaa, akafungua boksi, akatoa mfuko wa kwanza na kumpa mkononi. Juu yake, kwa kalamu isiyofutika, palikuwa na jina la Nyar Gembe.

"Huu weka chini kabisa," alimwambia, "penye baridi zaidi. Halafu andika saa."